Mtande, Mshindio na Sandarusi: Ufundi wa Faibaglasi katika Kifuniko cha Ndege Ukielezwa kwa Lugha ya Mafundi wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Miongoni mwa madai yanayorudiwa mara kwa mara katika kumbi za mihadhara ni lile linaloshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi, siasa na soko, lakini kikifika karakanani huishiwa na maneno. Wanaolitoa dai hili huwa na mifano tayari mkononi: mtambo, kemikali, ndege. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kuchukua kazi moja mahususi, tena ngeni kwa wasomaji wengi wa jarida hili, nayo ni kazi ya faibaglasi kwenye kifuniko cha chumba cha rubani katika ndege ndogo iliyoundwa nyumbani. Kazi hiyo inaelezwa hatua kwa hatua, na inapofaa hatua hizo zinalinganishwa na ufundi unaofahamika Kitui na Makueni: ususi wa vyondo, uundaji wa mishale, ushonaji wa vibuyu na ukarabati wa magari.

Hoja inayotetewa ni kwamba maneno mengi ambayo kazi hii inayahitaji yamo tayari katika Kiswahili, ila yamebaki kwa wasusi, washoni na waunda vyombo vya baharini, mbali na vitabu vya sayansi. Inatetewa pia hoja ya pili iliyo nzito zaidi: pale ambapo neno moja limebebeshwa dhana mbili zinazotofautiana, hasara haiishii katika lugha. Huweza kufika hadi kwenye uhai wa mtu.

Ndege Ndogo na Mazingira ya Ukambani

Ndege ndogo si kitu kigeni machoni pa wakazi wa Kitui na Makueni. Hifadhi za Tsavo zinapakana na maeneo hayo, na kwa miaka mingi doria za wanyamapori zimefanywa kwa ndege za viti viwili kama vile Piper Super Cub, aina iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1949. Ndege hiyo ina mifupa ya mabomba ya chuma iliyovikwa nguo, na nguo hiyo hupakwa dawa inayoikaza na kuifanya isipitishe hewa wala maji. Kwa maneno mengine, rubani wa doria anayepita juu ya vilima vya Chyulu huwa amebebwa, kwa kiasi kikubwa, na nguo iliyolowekwa dawa ikakauka. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndilo linalofungua mlango wa kuifahamu faibaglasi.

Uundaji wa ndege nyumbani ulipata nguvu duniani katikati ya karne ya 20. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha mjini Milwaukee, Marekani, chama cha waunda ndege wasio na viwanda, na tangu hapo maelfu ya watu wamejenga ndege katika vibanda na gereji zao. Nchini Kenya jina lililovuma mwanzoni mwa miaka ya 2010 ni la Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyejitolea kuunda ndege kwa mikono yake. Hata hivyo, kuunda ni jambo moja na kuruka ni jingine. Ndege yoyote iliyosajiliwa nchini haina budi kupata idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, kabla ya kupanda angani.

Faibaglasi ni Nini?

Faibaglasi, au "faiba" kama mafundi waiitavyo, ni zao la ndoa ya vitu viwili: nyuzi za kioo na gundi. Kioo kikiyeyushwa na kuvutwa kupitia matundu madogo mno hutoka kikiwa uzi mwembamba wenye kipenyo cha takriban mikroni 10, yaani sehemu 10 za elfu ya milimita. Kioo cha dirisha huvunjika kikiinamishwa, lakini uzi huu huinama, husokotwa na hata kufumwa ukawa nguo nyeupe inayong'aa. Nguo hiyo pekee haiwezi kusimama. Gundi nayo pekee, ikishaganda, huwa ngumu lakini hupasuka upesi. Viwili hivi vikiungana, gundi huzishika nyuzi zikae mahali pake, nazo nyuzi hubeba mzigo.

Biashara ya nyuzi za kioo ilishika kasi Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning Fiberglas iliundwa mwaka 1938. Mwaka 1957 wanafunzi wa chuo kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, walirusha nyiririko yao iliyoitwa Phönix, ndege isiyo na injini na ya kwanza kujengwa kwa faibaglasi. Mwaka 1975 Mmarekani Burt Rutan alirusha ndege yake VariEze, ambayo ilionyesha kwamba mtu wa kawaida anaweza kukata povu gumu kwa waya wa moto, akalivika nguo ya kioo na gundi, akapata bawa bila kuhitaji kalibu ya kiwandani.

Kanuni hii ya nyuzi na gundi ni ya kale kuliko kiwanda chochote. Wakamba wamejulikana kwa muda mrefu kuwa mafundi wa upinde na mshale. Manyoya ya mshale hushikizwa kwenye uti kwa gundi ya mti na kuzungushiwa uzi, ili mshale unyooke hewani. Uzi hubana na gundi hushika. Kimoja kikikosekana, unyoya hutoka na mshale hupotea njia. Mwenye kuufahamu mshale huo amekwisha kuielewa nusu ya faibaglasi, tena kwa mfano wa chombo ambacho chenyewe huruka.

Upande wa gundi nao una historia yake katika mwambao. Sandarusi, ambayo ni utomvu wa mti uliogandishwa ardhini kwa miaka mingi, ilichimbwa katika Mrima na kusafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa, nao waliihitaji kwa kutengenezea vanishi. Kitu ambacho mafundi wa leo wanakiita resini ni ndugu wa sandarusi aliyezaliwa maabarani. Neno lilikuwapo, likasahauliwa pamoja na biashara yake.

Kifuniko na Pindo Lake

Kifuniko cha chumba cha rubani hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki inayoangaza kama kioo. Bamba la akriliki hupashwa moto likalainika, kisha huvimbishwa likachukua umbo la tumba. Tumba hilo hukatwa na kufungwa kwenye fremu. Hata fundi awe hodari vipi, baina ya ukingo wa akriliki na kiwiliwili cha ndege hubaki mwanya. Mwanya huo huingiza mvua, hupiga mluzi na kuongeza ukinzani wa hewa. Kazi ya faibaglasi inayozungumziwa hapa ni kuuziba mwanya huo kwa ukanda uliojipinda vizuri, unaotoka kwenye akriliki na kuteremka juu ya mwili wa ndege.

Ukanda huu unafaa kuitwa pindo. Kila mtumiaji wa Kiswahili anayeijua leso anafahamu kwamba ina mji katikati, jina, na pindo linalouzunguka mji. Pindo la leso huikamilisha nguo. Pindo la kifuniko hufanya hivyo na zaidi, kwa sababu huamua kama kifuniko kitakaa imara upepo unapokivuta. Kifuniko kinachofunguka ndege ikiwa angani huweza kumvuruga rubani na kuharibu mtiririko wa hewa kuelekea mkiani. Kifuniko kisichofunguka ndege ikiwa chini huweza kumfungia ndani wakati wa moto.

Ugumu wa kwanza unatokana na joto. Vitu havitanuki kwa kiwango kimoja. Joto likipanda kwa nyuzi 30 za selsiasi, urefu wa mita moja ya akriliki huongezeka kwa takriban milimita 2.1, ilhali mita moja ya alumini huongezeka kwa takriban milimita 0.7 tu. Tofauti ya milimita 1.4 yaonekana ndogo, lakini ndege inayolala nje Kibwezi hupokea baridi ya alfajiri na jua kali la alasiri kila siku. Kwa sababu hiyo matundu ya skrubu katika akriliki hutobolewa makubwa kidogo kuliko skrubu zenyewe, na skrubu hazikazwi kupita kiasi. Ukingo wote hulainishwa kwa msasa hadi uwe laini kabisa, maana mkwaruzo mdogo ndio mlango wa ufa.

Ufa ukishatokea, hutobolewa tundu dogo la mviringo kwenye ncha yake ili usiendelee. Jambo hili halitamshangaza mwanamke wa Ukambani aliyezoea kushona kibuyu. Kibuyu kilichopasuka hakitupwi. Hutobolewa vitundu kandokando ya ufa, kikashonwa kwa uzi na kurudi kazini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga; na angani hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Hatua za Kazi

Hatua ya kwanza ni kuandaa. Akriliki yote hufunikwa, ukabakizwa ukanda mwembamba tu utakaoshikana na faibaglasi. Mstari wa mpaka hupigwa kwa utepe, nao lazima uwe mnyoofu, kwa kuwa ndio utakaoonekana daima. Ukanda uliobakizwa husuguliwa kwa msasa mpaka upoteze mng'aro. Gundi haishiki mahali palipo laini. Huhitaji mikwaruzo midogo ya kung'ang'ania, kama vile lipu inavyohitaji ukuta uliopigwa meno. Mahali ambapo faibaglasi haitakiwi kushika hupakwa nta maalumu au hubandikwa utepe. Asetoni, ambayo mafundi wengi huitumia kusafishia, haigusishwi akriliki kamwe, kwa sababu huizalishia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Hatua ya pili ni kukata nguo. Hapa ndipo ususi unapotoa somo lake kubwa. Nguo ya kioo, kama nguo nyingine yoyote, ina mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotangulizwa, na mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kuukata mtande. Ikikatwa kwa kufuata nyuzi hizo, haikubali kuzunguka kona. Hukunjamana na kuacha mifuko ya hewa. Ikikatwa hanamu, yaani kimshazari kwa pembe ya nyuzi 45, huvutika na kujilaza juu ya umbo lililojipinda bila kukunjamana. Fundi cherehani anayeshona ukosi hulijua jambo hili. Wafanyakazi wa kituo cha ushonaji cha Kaunti ya Kitui kilichozinduliwa mwaka 2018 hawahitaji kufundishwa kwamba kipande cha hanamu hutii kuliko kipande kilichonyooka. Kwa hiyo vipande vya pindo hukatwa hanamu, kimoja kikiwa chembamba na kinachofuata kipana zaidi, ili unene upungue polepole kuelekea kingoni.

Msusi wa kiondo naye huelewa sababu yake. Kiondo cha Ukambani huanzia kitakoni: nyuzi za mtande, ambazo zamani zilitokana na magome ya mibuyu na miti mingine na siku hizi aghalabu ni za mkonge, hutawanyika kama miale ya jua, kisha nyuzi mbili za mshindio huzizunguka na kupishana kila zinapovuka mtande. Umbo la kikapu hutokana na mwelekeo wa nyuzi. Msusi akitaka kiondo kipanuke huongeza mtande, akitaka kisimame wima huacha kuongeza. Hakuna kalibu wala kipimo cha chuma. Kanuni yenyewe ni kwamba nguvu na umbo hufuata njia ya uzi, na ndiyo kanuni ya kwanza ya mhandisi wa faibaglasi.

Hatua ya tatu ni kulaza. Gundi huchanganywa, ikapakwa kwenye ukanda ulioandaliwa, kisha kipande cha kwanza hulazwa juu yake na kupigwapigwa kwa brashi mpaka nguo nyeupe igeuke na kuwa angavu. Weupe unaobaki ni dalili ya hewa au ukavu. Hufuata kipande cha pili na cha tatu, na kuendelea. Kosa la anayeanza ni kudhani kwamba gundi nyingi ndiyo nguvu nyingi. Nguvu imo katika nyuzi; gundi inayozidi huongeza uzito na kuleta wepesi wa kupasuka. Kwa hiyo gundi ya ziada hukamuliwa na kuondolewa. Juu ya vipande vyote hulazwa kitambaa kisichoshikana na gundi, ambacho hubanduliwa baada ya kuganda na kuacha uso wenye mikwaruzo inayofaa kwa tabaka litakalofuata.

Hatua ya nne ni kujaza na kusugua. Gundi huchanganywa na unga mwepesi mno wa vitone vya kioo vilivyo vitupu ndani, mithili ya ushanga usioonekana kwa macho, ikawa pati nyepesi. Pati hiyo hupakwa, ikaachwa igande, ikasuguliwa, ikapakwa tena. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, tena ndiyo inayovunja mioyo. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, hivyo barakoa si pambo. Glavu nazo ni za lazima, kwa kuwa gundi ya epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kumfanya fundi apate mzio usiomwacha maishani.

Mwisho pindo hupakwa rangi, na ndege nyingi za faibaglasi hupakwa nyeupe. Sababu si urembo. Epoksi iliyoganda hulainika ikipata joto jingi, na rangi nyeusi chini ya jua la Mtito Andei hukusanya joto kwa kiasi ambacho rangi nyeupe haikifikii.

Chachu na Mwenzi: Neno Moja Lenye Hatari

Katika miji iliyopangana kando ya barabara kuu ya Mombasa, kama Emali, Makindu na Kibwezi, na vilevile katika miji ya Kitui na Mwingi, kazi ya faibaglasi hufahamika kupitia gereji. Bampa lililovunjika halihitaji kutupwa. Hupigwa faiba, likapakwa pati na rangi. Mafundi wa kazi hiyo wana ujuzi wa mikono ambao vitabu haviwezi kuutoa. Lakini lugha wanayoitumia ina mtego ndani yake.

Gundi ya gereji kwa kawaida ni ya poliesta. Kopo la poliesta limebeba ndani yake kila kitu kinachohitajika ili igande, kasoro mwanzo. Kinachoongezwa ni kiowevu kidogo, aghalabu asilimia 1 hadi 2, ambacho kazi yake ni kuiamsha gundi. Fundi mzoefu hupunguza kiowevu hicho mchana wa joto na kukiongeza asubuhi ya baridi, na kazi yake hutoka sawa. Kiowevu hicho huitwa "hadina".

Gundi inayotumiwa katika ndege zilizoundwa nyumbani aghalabu ni epoksi. Nayo huja katika makopo mawili, na kopo la pili pia huitwa "hadina". Hapo ndipo pana mtego. Katika epoksi, kopo la pili halimwamshi mtu aliyelala. Ni nusu ya pili ya mwili. Kila chembe ya kopo la kwanza huhitaji mwenzake kutoka kopo la pili ili ishikane naye. Baadhi ya epoksi huchanganywa sehemu 2 kwa 1, nyingine sehemu 5 kwa 1, kama mtengenezaji alivyoagiza, na kipimo cha uzito huweza kutofautiana na kipimo cha ujazo. Anayeongeza kopo la pili ili kazi iende haraka hubakiza chembe zisizo na wenzake. Pindo litaonekana limeganda, litapakwa rangi na kupendeza, lakini ndani yake litakuwa laini. Jua litakapolipasha moto na upepo kulivuta, litaachia. Mwenye kutaka epoksi igande upesi au polepole hubadilisha aina ya kopo la pili, habadilishi kipimo.

Fundi anayekosea hapa hakosei kwa uvivu wala kwa ujinga. Anaifuata kanuni aliyoithibitisha kwa mikono yake miaka mingi, kwa sababu neno moja limemwambia kwamba vitu hivi viwili ni kitu kimoja. Maelezo ya kwenye makopo kwa kawaida yapo kwa Kiingereza cha kitaalamu, nayo hayamfikii yule aliyejifunza kazi kwa kutazama.

Kiswahili kina uwezo wa kuitegua hatari hii kwa maneno ya jikoni. Kile cha poliesta ni chachu: kidogo tu huuchachua unga wote, na mpishi huweza kukizidisha au kukipunguza kwa kadiri ya joto. Kile cha epoksi ni mwenzi: hakina maana ya kuzidi wala kupungua, kwa kuwa wawili huoana mmoja kwa mmoja. Fundi akiambiwa, "hii ina chachu, ile ina mwenzi", amepewa kemia nzima katika sentensi moja, na mkono wake utajua la kufanya. Pengine wataalamu wa istilahi watapendekeza maneno bora zaidi. Lililo muhimu ni kwamba yawe mawili.

Hali ya hewa ya Ukambani inaongeza uzito wa jambo hili. Joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuganda huongezeka takriban maradufu. Epoksi iliyoachwa kwenye kikombe mchana wa Makueni huweza kujipasha moto yenyewe hadi itoe moshi, ndiyo maana humwagwa katika chombo kipana na kifupi. Katika mvua za Oktoba hadi Desemba, unyevu wa hewa nao huweza kuacha juu ya baadhi ya epoksi tando telezi mfano wa nta. Tando hilo lisipooshwa kwa maji kabla ya kupigwa msasa, tabaka linalofuata halitashika.

Je, Mkonge Waweza Kuchukua Nafasi ya Kioo?

Swali hili huzuka lenyewe katika nchi ya mkonge. Mmea huo uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf katika miaka ya 1890, ukaenea hadi Kenya, na shamba la Dwa huko Kibwezi ni miongoni mwa mashamba yake yanayojulikana. Uzi wa mkonge ni mwepesi: kioo huwa na uzito wa takriban mara 2.5 wa maji ya ujazo uleule, ilhali mkonge ni takriban mara 1.5. Lakini nguvu ya uzi wa kioo inapovutwa huipita ya mkonge mara kadhaa, na mkonge hunywa maji na huoza. Viwanda vya magari vya Ulaya vimetumia nyuzi za mimea, mkonge ukiwamo, katika mabamba ya ndani ya milango, mahali pasipobeba mzigo mkubwa. Kwa pindo la kifuniko cha ndege, kioo bado hakijapata mshindani kutoka shambani. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu hapastahili kuchaguliwa kwa ajili ya fahari ya nyumbani.

Hata hivyo, mkonge wenyewe usipofika angani, ujuzi wa wanaousokota juu ya paja na kuususa vyondo unafika. Ujuzi huo umo katika maneno.

Mafunzo kwa Wanaistilahi

Uchunguzi huu mfupi umeonyesha makundi matatu ya maneno. Kundi la kwanza ni la maneno yaliyopo na yanayotosha: mtande, mshindio, hanamu, kalibu, msasa, nta, ufa, pindo. Kundi la pili ni la maneno yaliyopo lakini yanayohitaji kupanuliwa maana: sandarusi kwa jumla ya gundi za aina hii, chachu na mwenzi kwa viambato vyake. Pamoja nayo huenda ukawekwa msamiati wa waunda vyombo wa mwambao, kama kalafati, yaani kazi ya kuziba nyufa za jahazi kwa nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chombo. Nyuzi na mpako wa kuzuia maji: kazi ile ile, bahari nyingine. Kundi la tatu ni la maneno ya kukopa ambayo hayana budi kukubaliwa yalivyozoeleka: faibaglasi, epoksi, akriliki, poliesta. Kundi hili la mwisho ndilo dogo kuliko inavyodhaniwa.

Kazi ya istilahi haikuanza jana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Pengo lililobaki ni la mwelekeo. Istilahi nyingi huundwa mezani kwa kutafsiri neno la kigeni, kisha hutarajiwa kuteremka hadi karakanani. Mfano wa "hadina" unaonyesha kwamba njia iliyo salama zaidi huanzia karakanani: kutazama mikono inafanya nini, kuuliza kitu kinaitwaje, na kubaini ni wapi jina moja linaficha vitu viwili.

Wanafunzi wa fasihi nao wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Wao huzungumza kila siku juu ya msuko wa riwaya na utungo wa shairi, nayo ni maneno yaliyoazimwa kwa msusi wa kikapu na mtunga shanga. Fasihi imekopa kwa mafundi kwa karne nyingi bila kurudisha. Deni hilo laweza kulipwa kwa kwenda Kitui, Wote, Mutomo na Kibwezi na kuyakusanya maneno hayo kabla wenyewe hawajaondoka nayo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza ufundi wa faibaglasi katika kifuniko cha ndege tangu kuandaa akriliki hadi rangi ya mwisho. Imebainika kwamba kanuni zake kuu, yaani nguvu kufuata njia ya uzi, gundi kushika bila kuzidi, na ufa kuzuiwa mapema, zinafahamika na kusemeka katika jamii za Kitui na Makueni. Imebainika pia kwamba upungufu mkubwa haupo katika idadi ya maneno. Upo katika utengano baina ya wenye maneno na wenye kuandika kamusi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuuziba mwanya huo kwa utafiti wa nyanjani wa msamiati wa ufundi, karakana kwa karakana. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, subira, na heshima ya kumwita msusi mwalimu.